Sifuri Nne za Kiwanja cha Mbegu

Jumatatu, 3 Februari
Fomu mpya tena! Kila Ijumaa kabla ya saa sita mchana tuandike saa za utafiti na mahali zilipotumika. Mkuu wa idara anasema ni kwa faida yetu. Akisema hivyo huwa nakumbatia mkoba wangu. Miwani, jirani yangu wa ofisi, hakulalamika hata kidogo — yeye anayelalamikia hata chaki! Ana lake jambo.

Jumatano, 5 Februari
Miwani kaniuliza vifuko vimebaki vingapi. Miaka kumi na miwili hajawahi kuuliza! Nilizika vifuko ishirini vya mbegu za magugu nyuma ya maabara. Kila Septemba nafukua kimoja, nione mbegu ngapi bado hai. Vimebaki vinane. Nikamwambia tu kwamba kazi yenyewe ni kutogusa udongo mpaka Septemba. Akacheka. Sikukipenda kicheko kile.

Ijumaa, 7 Februari
Nimejaza. Kiwanja cha mbegu: saa 0. Wametaka ukweli, haya, wale ukweli.

Ijumaa, 28 Februari
Fomu ya nne, sifuri ya nne. Nilichungulia ya Miwani — saa kumi, wiki hii peke yake! Mahali sikupaona, alifunika kwa kiganja. Kwa nini afunike? Mume wangu anasema naona majini mchana kweupe. Yeye hafanyi kazi hapa.

Jumanne, 11 Machi
Vigingi! Kamba nyekundu juu ya vifuko vyangu! Mpimaji kaniita mama, kwa upole, akasema ameambiwa eneo halitumiki, litakuwa maegesho. Jumatatu linakuja greda.
Miwani tu. Nani mwingine alijua vilipo?

Jumatano, 12 Machi
Kwa mkuu wa idara. Nilikwenda kumtaja Miwani, maneno yamejaa mdomoni. Kabla sijafungua kinywa kanitandazia karatasi nne za Februari, sifuri nne, sahihi yangu. "Umeandika mwenyewe, Daktari."
Nimeua utafiti wangu kwa mkono wangu. Nikaona aibu mpaka masikio.
Kisha akatoa karatasi nyingine. Za Miwani. Saa kumi kila wiki, mahali: kiwanja cha mbegu. Changu! Anachunguzwa kwa udanganyifu. Nimepewa swali moja la maandishi: je, mwenzangu amefanya utafiti pale? Ndiyo au hapana, mwisho Ijumaa saa sita. Ikiwa ndiyo, eneo linatumika, vigingi vinang'olewa. Ikiwa hapana, kazi hana.
Alitaka kuniokoa? Au nikisema ndiyo, jina lake linakaa kando ya langu kwenye kila kitakachoandikwa? Miaka kumi na miwili, yeye aingie kwa fomu nne!

Ijumaa, 14 Machi
Saa tano na nusu. Miwani kabisha hodi, kasimama mlangoni, kavua miwani na kuifuta kwa shati. Eti hakudanganya. Si nilimwambia kazi ni kutogusa? Basi wiki nne nzima hakugusa, saa kumi kila wiki, na aliifanya vizuri sana.
Nimecheka mpaka machozi. Nilikuwa sijacheka tangu Jumanne.
Halafu nikamuuliza: siku ile ulitaka nini na idadi ya vifuko?
Kavaa miwani. Kaangalia saa ya ukutani, si mimi.
Zimebaki dakika kumi na mbili. Kalamu ninayo. Nimeandika herufi ya kwanza, N ya ndiyo, naye bado yupo mlangoni, macho kwenye saa.