Moteri Iliyokataa Kibuye

Mbugangari, Gisenyi, 8 Machi 1998

Shemeji Onésphore,

Pokea salamu za nyumba nzima. Homa ya mtoto imekwisha, imebaki kelele yake. Dada yako Belise hajambo, amenenepa kidogo, usimwambie nimeandika. Huko Bukavu mnaamkaje? Na mgongo wako?

Bon. Ile moteri ya zamani uliyoniachia iko mgonjwa. Ufukweni inanguruma kama burugumesitiri wa komine akihutubia mkutano. Tukifika kwenye yale mawe yaliyoingia ziwani, nguvu zinapungua, inakohoa, inazimika. Kila mara palepale. Na Karenzi wa vitunguu anataka nimpelekee mzigo Kibuye kwa maji, kwa sababu barabarani magari yanashambuliwa, siku hizi hakuna anayepita bila kuaga kwanza. Anangoja mpaka mwisho wa mvua, baadaye kazi anampa mwenye boti nyingine. Unajua kwamba nyumbani tunakula kwa hii boti tu.

Mi ni fundi wa baiskeli. Moteri nimejifunza kwa kuitazama. Niambie nifungue wapi.

Barua anaibeba Drocella, anayevuka mpaka pale Grande Barrière kila asubuhi na nyanya zake. Atampa mtu wa meli, Goma.

Muramu wako,
Evode

Bukavu, 22 Machi 1998

Shemeji Evode,

Barua imefika, inanuka nyanya. Sisi tuko, tunashukuru. Mgongo uko palepale, nyuma yangu.

Usifungue kila kitu. Nakujua: utafungua, utafunga, utabaki na bisibisi na visi tatu mkononi, useme zilikuwa za ziada. Safisha buji, ile plagi ya cheche. Osha kabureta kwa esansi ileile ya tangini. Angalia kama maji ya kupoza yanatoka nyuma. Halafu unieleze ikizimika unafanya nini, bila kuruka kitu. Moteri haisemi, donc mwenye moteri aseme.

Mbusu mtoto. Belise mwambie anakonda.

Kaka yenu,
Onésphore

Mbugangari, 5 Aprili 1998

Shemeji,

Tunakuamkia wote, na mgongo tunauamkia pia. Huku wazima, ila mvua inatupiga.

Buji nimesafisha mpaka ningeweza kujitazama humo nikinyoa ndevu. Kabureta imeoga. Maji yanatoka vizuri. Visi imebaki moja tu.

Jumanne tukazimika tena kwenye mawe. Gatete, anayenisaidia kubeba mizigo, akasema, "Patron, hii moteri iko na bibi Gisenyi." Nikafungua kifuniko cha tangi niangalie kama esansi iko. Iko. Nikafunga, nikavuta kamba, ikawaka! Tukageuka, ikakimbia mpaka mchangani. Ndivyo inavyofanya kila siku. Kwenda haitaki, kurudi inataka.

Usiniambie ni uchafu. Tangi analibeba Belise mwenyewe kila alfajiri, analifuta, anakaza kila kitu, hataki mtu aliguse. Mwaka jana boti ya Mbonigaba ilikwenda Kibuye, haikurudi hata kasia. Tangu hapo mke wake, Murekatete, anakuja kukaa jikoni kwetu kutwa nzima, na Belise amekuwa mtu wa kukaza vitu.

Karenzi amepita tena. Anatazama boti kama mtu anayetazama maiti.

Muramu wako,
Evode

Bukavu, 19 Aprili 1998

Shemeji Evode,

Natumaini mvua haijawabeba. Sisi wazima.

Nimecheka, halafu nikaacha kucheka. Moteri yako ni nzima. Tangi ndilo linalokosa pumzi. Juu ya kifuniko kuna visi ndogo. Ukibeba tangi unaifunga, esansi isimwagike. Ukisafiri unaifungua, hewa iingie. Ikibaki imefungwa, moteri inanyonya, inanyonya, mwisho inakosa. We ulipofungua kifuniko kuangalia, hewa ikaingia. Ndiyo maana iliwaka ikakurudisha.

Belise anaijua visi hiyo. Nilimwonyesha mimi, zamani akinisaidia kazi hapa Bukavu. Labda amesahau. Muulize polepole, na si mbele ya Gatete.

Kaka yenu,
Onésphore

Mbugangari, 4 Mei 1998

Shemeji,

Salamu. Afya iko. Amani ya nyumbani, tuiache kwanza.

Visi nimeiona. Siku zote nilidhani ni pambo. Ina alama za meno ya koleo, ile ya jikoni anayotolea sufuria motoni. Shemeji, mtu anayesahau hakazi kwa koleo.

Nikamuuliza, "Belise, hii ni we?"

"Ni mi."

"Tangu lini?"

"Tangu Karenzi aseme Kibuye. Ukizimika kwenye mawe, utapiga kasia, utarudi. Nilipima."

"Watu wananicheka ufukweni!"

"Bacheke. Murekatete hakuna mutu anamucheka."

Nikairudisha koleo jikoni.

Napakia mvua ikikatika. Yeye hajasema niende, hajasema nisiende. Anafagia mahali palipofagiwa. Na mi nimeanza kusikiliza upepo, ugonjwa ambao sikuwa nao. Mwandikie, we ni kaka yake.

Evode

Bukavu, 17 Mei 1998

Shemeji,

Mko wazima? Safari hii nauliza kweli.

Siwezi kumwandikia. Nikisema asiogope, ni uongo. Nikisema akuzuie, mtakula nini? Nimetengeneza moteri, nimeharibu usingizi wa dada yangu.

Jioni nashuka ziwani, kwa kuwa maji ni yaleyale, natazama kaskazini kama mjinga. Ukifika Kibuye, andika kabla ya kula.

Kaka yenu,
Onésphore

Bukavu, 10 Juni 1998

Evode,

Huku mvua imekatika kitambo. Meli mbili zimefika bila neno lako. Nimeuliza abiria, hakuna anayejua. Andika, hata kwenye karatasi ya sigara.

Onésphore

Kibuye, 14 Juni 1998

Shemeji,

Tu wazima. Naanza na hilo ili upumue. Huku mvua ilichelewa kukatika, na vitunguu vya Karenzi vikachelewa nayo. Naandika kabla ya kula kama ulivyoamuru, na sambaza, dagaa wa ziwa letu, zinapoa mbele yangu.

Nasema "tu", soma vizuri. Asubuhi ya safari nilikuta tangi liko botini, na Belise juu ya magunia, kitenge amekikaza kiunoni. Mtoto amemwachia Murekatete. Nikamwambia ashuke.

"Mi sitangoja kama yule," akasema. "Maji yakikutaka, yatapitia kwangu kwanza."

Gatete akawa na haja ya kutazama mbinguni. Visi aliifungua Belise mwenyewe, kwa vidole.

Mawe tukayapita. Njia nzima mkono wake ulikuwa juu ya moteri, kama mtu anayepima homa. Tulipofika aliteremka, akatapika, akajifuta, akaenda kugombana na mwenye mizani. Magunia yalihesabiwa vizuri sana.

Kesho tunarudi. Kuna wingu upande wa kaskazini nisilolipenda, na kila baada ya muda mfupi mmoja wetu anatoka kulitazama, akidai anatafuta kiberiti.

Belise anakusalimu. Anasema nikuandikie hivi: kesho ikizimika, safari hii si yeye.

Muramu wako,
Evode