Kinga ya Kamyo Niliyoichukua Kilioni

Chola, wewe Chui,

Nilikupora siku uliyozikwa, na nakuandikia ujue kwamba sijutii.

Watu wa kilio walikuwa wamekaa uani, dada yako Mama Kunda analia. Nikaenda mbele ya kamyo, lile lori lako, nikafungua boliti za ile kinga ya chuma inayolinda taa na rejeta, nikaiburuta mpaka katikati ya waombolezaji. Nikasema kwa sauti: “Leo mbuzi ameng’oa meno ya chui. Mutanifanya nini?” Mama Kunda akacheka huku machozi yanamtoka.

Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Ukoo wangu ni wa Mbuzi, wako ni wa Chui, na tangu mababu tunatukanana bila kukasirikiana. Mmoja akifa, mwenzake huja kilioni na kuchukua kitu cha marehemu, na mali haigawanywi mpaka familia ikikomboe kitu hicho. Kwa kawaida kuku na bia zinatosha.

Lakini mimi sikucheza tu. Asubuhi ile nilikuwa nimemsikia mwanao Kalaba, yule anayekaa mtaa wa Golf, akizungumza na mnunuzi wa vyuma chakavu. “Iyi kamyo iko mitraye tu, chuma ya kutupa. Banaikata, tunagawana, inaisha.” Na Mwansa, binti yako, aliyeendesha pamoja nawe njia ya Kilwa, kule ziwani, miaka yote hii, alikuwa jikoni anasonga bukari, ugali wa wageni. Hakuna aliyemuuliza. Mbele yangu ulisema, tena si mara moja: “Siku nitachoka, usukani ni wa Mwansa.” Wengine hukuwaambia, kwa sababu ulidhani hutachoka.

Basi Kalaba alipoleta kuku, nilimwambia arudi naye. Nikamweleza polepole, kama nilivyoeleza darasani maisha yangu yote: ukombozi ninaoutaka ni kamyo isiuzwe, na Mwansa aiendeshe. Akapandisha sauti. “Papa Mwalimu, utani haiko loi, haiko sheria. Na ile chuma yenyewe imeoza. Kama mbele imeoza, nyuma itakuwa aje?” Nikamjibu tukutane siku ya kuondoa kilio, mbele ya familia yote, tuone kilichooza ni nini.

Sasa nikuseme wewe. Kila Pasaka ulipaka rangi ya fedha juu ya kutu, kama mtu anayejipaka mafuta bila kuoga. Rangi ilikuwa imevimba, ukiigusa inabanduka vipande vipande, na chini yake unga mwekundu. Kutu si uchafu uliokaa juu ya chuma, Chola. Ni chuma chenyewe, kimekutana na maji na hewa, kikageuka. Ukiifunika bila kuikwangua, inaendelea kula humo humo ndani.

Nilikwangua kwa burashi ya waya mpaka vidole vikakataa kufunga vifungo vya shati. Nikapiga msasa. Bomba moja la pembeni lilikuwa limetoboka. Jirani yangu anayechomelea vyuma akalikata, akaweka jipya. Mvua ilikuwa haijaisha, kwa hiyo nikangoja jua, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, nikaiacha ikauke kabisa, ndipo nikapaka nyeusi. Najua ungesema, “Paka tu, Mbuzi, tutachelewa.” Mimi sikuwa na haraka. Wewe ndiye uliyekuwa na haraka siku zote, na tazama ulipofika.

Jirani alitaka kuinyoosha pale ilipopinda katikati. Nikamkataza. Ni pale tulipogonga ule mti uliolala njiani, mimi, wewe na Mwansa, vumbi limejaa ndani, hakuna anayeona mwenzake. Ukauliza, “Bote muko?” Tukaitika. Ukawasha injini tena.

Siku hiyo ya kumkataza jirani kazi ilisimama. Nilikaa tu, burashi mkononi.

Siku ya kuondoa kilio niliifikisha kwenu juu ya mkokoteni. Kalaba akaizunguka, akatoa ufunguo wa gari lake, akaikwaruza. Rangi haikubanduka. Akaikwaruza tena, kwa nguvu zaidi, watu wakaanza kumcheka. Mama Kunda, ambaye sasa ndiye mkubwa wenu, akamwambia taratibu: “Kalaba, acha kukwaruza kintu ya dada yako.”

Hapo maneno yakaisha: kamyo haiuzwi. Mwansa akaenda kuleta boliti. Tukaifunga pamoja, yeye upande wake, mimi upande wangu, na Kalaba, alipoona imetuelemea, akaja kuishikilia katikati bila kuambiwa.

Mwansa amekwisha kufika Kilwa na kurudi na samaki wakavu. Mnunuzi wa vyuma bado anapita mbele ya nyumba yenu, anapunguza mwendo, anatazama. Atazame. Kalaba naye atapata hoja nyingine, maana kichwa chake ni kigumu kama chako, na mimi bado nipo.

Ninakuahidi hivi. Kiangazi nitapanda na binti yako mpaka ziwani, wakisema mimi mzee waseme. Pumzika sasa, Chola, kwa sababu hutapumzika siku hiyo: kila shimo la njia ile nitakutukana kwa jina lako, na usiponijibu nitaendelea tu.