Kunde za Ekari Kumi

Detroit, 3 Juni 1951

Mwanangu Verlene,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila nyonga haijapoa. Hamjambo huko Alabama? Hapa nimekosa raha tangu niliposikia ekari kumi kati ya arobaini umezitia kunde. Arobaini hizo nilizipata kwa mikono hii, miaka kumi na tisa, bila msaada wa mtu. Pamba ndiyo iliyokuvisha. Usipoirudisha, Januari namkodishia jirani Tolliver shamba lote, nawe utafute pa kulima.

Baba yako, Lucius

Macon, Alabama, 19 Juni 1951

Baba mpenzi,

Shikamoo. Pole na nyonga. Sisi wazima, mvua ndiyo haba.

Baba, ni nani aliyenisimulia habari za Daktari Carver, yule mtaalamu wa kilimo, hata nikamjua kabla ya kujua kusoma? Lile gari lake la kukokotwa na nyumbu, la kufundishia wakulima, ulilifuata kwa miguu ukiwa na miaka kumi na mmoja. Alisema pamba hula udongo, kunde huulisha. Sasa unanigombeza kwa kukusikiliza? Nipe hadi mavuno ya mwakani. Nikishindwa, Tolliver nitamfungulia lango mwenyewe.

Binti yako, Verlene

Detroit, 8 Julai 1951

Mwanangu,

Salamu. Ulimi wako ni wa marehemu mama yako.

Carver nilimpenda. Lakini babu yako alipanda kunde kama alivyoambiwa, nami nikamsaidia kukata majani yote tukalisha nyumbu. Udongo ukabaki vilevile. Babu akafa akimwita mwongo. Haya, mwakani. Siku moja zaidi sikupi.

Baba

Macon, 26 Oktoba 1952

Baba,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje? Wajukuu wanakusalimu.

Nilinyamaza mwaka mzima kwa sababu sikuwa na la kukuonyesha. Kunde tulichuma za kula, majani na mashina nikayalimia chini yangali mabichi. Mwaka huu nikapanda pamba juu yake. Ekari za pamba tupu: ratili 240 kila ekari. Ekari zilizokuwa na kunde: pamba ratili 390. Nimepima mara tatu, najua utauliza.

Verlene

Detroit, 9 Novemba 1952

Mwanangu Verlene,

Salamu, na shukrani kuliko salamu. Nimepiga hesabu hiyo mpaka karatasi imeisha. Ratili 150 zaidi! Tolliver nimemwandikia kwamba shamba lina mkulima.

Miaka arobaini na sita nimempenda mtu nisiyemwamini. Asante kwa kumwamini kwa niaba yangu.

Jumapili pita kaburini kwa babu yako. Mwambie hakudanganywa. Chakula cha shamba tuliwapa nyumbu.

Baba yako