Mchezo wa Boma

Jumatatu, 2 Juni 1913

Baridi, na upepo wa vumbi tangu alfajiri. Wageni wawili wamefika kutoka Mpwapwa, jamaa za mke wangu Sikuzani. Stara kawaamkia, kawanawisha mikono, kasimama pembeni na birika mpaka walipomaliza kula. Miaka minane tu! Mgeni mmoja akauliza binti huyu tumemleaje. Nikasema ni mazoea — lakini kichwa kilinivimba, nisijidanganye. Watoto wa makarani wenzangu hapa Dodoma hata kuamkia wakubwa hawajui.

Jumatano, 4 Juni

Sijui nianzie wapi. Nimetoka kazini mapema, nikasikia watoto nyuma ya nyumba, nikachungulia. Stara amekaa juu ya kinu, tarbushi yangu kichwani. Ruthu, binti wa Matonya, anayetuletea maziwa kutoka Mkonze, amelala kifudifudi mavumbini. Mtoto wa jirani ndiye askari. Ana fimbo, na si bua la mtama — fimbo ya mti, na anapiga kweli. Wanacheza boma la Wajerumani.

Stara anahesabu. Anakohoa kidogo kwanza, kama mimi. Ruthu analia, na Stara anamwambia taratibu: vumilia, ndugu yangu, karibu tunamaliza.

Maneno yangu hayo! Ndiyo ninayowaambia watu kila siku ya hukumu bomani, wakilazwa pale uani kupigwa hamsa-ishirini, yaani ishirini na vitano, na mimi karani nimesimama nahesabu viboko. Wenzangu huwatukana. Mimi situkani. Nilijiona mtu wa huruma.

Stara huniletea chakula siku hizo. Nilidhani anaishia mlangoni pa boma.

Nimeizuia ile fimbo. Sikuzani kamkanda Ruthu mgongo kwa maji ya chumvi, kamsindikiza kwao. Na mimi nikajifungia chumbani, mtu mzima.

Alhamisi, 5 Juni

Maziwa hayakuja.

Nimemkalisha Stara. Nikamwuliza, hukumhurumia mwenzio? Akasema: nilimhurumia, baba, nilimwambia avumilie, na mwisho nikampa maji, kwa mikono miwili. Hana kiburi hata kidogo. Alikuwa anangoja nimsifu!

Sikumchapa. Ningemchapa kwa fimbo ipi, na nani angehesabu?

Sikuzani alikuwa anapepeta uwele, anasikia yote. Akasema bila kuinua macho kwamba mtoto tumemfundisha adabu, sasa roho ya kuona uchungu wa mwenzake ataipata kwa nani. Hakunitaja. Afadhali angenitaja.

Ijumaa, 6 Juni

Msikitini hotuba imenipita. Nilikuwa namfikiria Matonya. Mwaka jana naye alilazwa uani, kwa kutofika kazi ya barabara. Nilimhesabia mimi. Kesho yake Ruthu alikuja na kibuyu cha maziwa kama kawaida, akaamkia vizuri, nami nikayanywa. Hata haikunijia kwamba baba yake amelala kwa tumbo huko nyumbani.

Sikuzani anataka nimpeleke Stara akaombe radhi. Nimesema kesho. Jana pia nilisema kesho.

Jumamosi, 7 Juni

Tumekwenda Mkonze. Stara kabeba mchele kwenye kikapu, mimi nimeshika jogoo. Njia nzima nilimfundisha la kusema: amkia kwanza, piga goti, sema nimekosa, usitie lakini. Akarudia mpaka akayashika. Mimi la kwangu sikulitayarisha. Nilidhani litakuja lenyewe.

Matonya alikuwa nje ya tembe lake anatengeneza mlango wa zizi. Akaniona kwa mbali. Nilikuwa nimevaa koti langu la kazini — ndilo koti zuri nililo nalo, sikufikiri. Akaweka shoka chini. Mbukwa, karani, akaniamkia kwa Kigogo, kisha akauliza askari wako nyuma? Nikasema sina askari. Akaitika tu, kama mtu asiyetaka kubishana. Akawaambia wanawe waingie ndani, Ruthu naye, akawafungia mlango. Akafungua nguo mabegani, akalala pale uwanjani, uso chini. Makovu yapo.

Na mimi nimesimama na jogoo.

Matonya akageuza shavu mavumbini, akamwona Stara. Akaniambia pole pole, si kwa hasira: karani, mtoto wako naye mpeleke ndani kwanza. Mtoto asione mambo haya.

Stara akapiga goti, akasema nimekosa, kama nilivyomfundisha. Kisha akaanza kulia, akaiokota ile nguo akamfunika Matonya mgongo. Hilo sikumfundisha mimi. Mimi nilimshika Stara mkono nikaondoka naye, mbio mbio, na Matonya nikamwacha vile vile chini.

Sasa Sikuzani anaita kutoka jikoni, anataka kujua tulipokewaje. Stara ananitazama, anangoja baba ajibu.