Kuhusu Ile Chipu Unayotaka Baba Awekewe

Butimba, Mwanza
8 Juni, 2025

Mpendwa mdogo wangu Venant,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Hujambo huko kwenye baridi? Wifi yangu Rebeka na watoto hawajambo? Na mgongo wako umepata nafuu? Sisi huku tunapumua. Sukari yangu imetulia, na baba anakula vizuri. Sato bado anapenda, ila miiba lazima nimtolee mimi.

Nimeamua kuandika kwa sababu haya kwenye simu hayasemeki. Ukipiga, baba anakuwa amekaa ubavuni kwangu, ananitazama mdomo.

Video uliyotuma nimeiona. Unasogeza mkono kwenye mlango wa kazini kwenu, mlango unafunguka wenyewe, kumbe ni hiyo chipu iliyo chini ya ngozi, ndogo kama punje ya mchele. Umesema baba naye awekewe, ili akipotea tena ajulikane ni nani. Sikulidharau wazo lako. Nimelala nalo na kuamka nalo.

Kwanza nikueleze alivyopotea, maana siku ile nilikulilia tu. Nilikuwa nyuma ya nyumba nafua. Niliporudi kiti kilikuwa kitupu na geti liko wazi. Kumbe alishika njia kwenda Kirumba kwa miguu, anatafuta karakana yake ya mashine za mitumbwi, ambayo ilishavunjwa zamani. Wenzake wa pale wengi wamekufa, waliobaki wamehama. Jua likamwangusha karibu na Mwaloni, wachuuzi wa samaki wakamkimbiza hospitali.

Nilikuwa nimemshonea kitambaa chenye jina lake na namba yangu ndani ya shati. Lakini shati alilokuwa nalo hospitalini halikuwa lake! Mpaka leo sijui alimpa nani. Nilizunguka polisi, nikazunguka Igogo kwa watu wa ukoo, nikatangaziwa kanisani. Siku ya tatu nikamkuta wodini, kitandani kwake wameandika "Hajulikani." Baba yetu, Venant, mzee Luhaga!

Kwa hiyo sikubishii. Chipu haivuliwi kama shati, na kama wangeweza kuisoma, wangenipigia siku ileile. Nilirudi hospitali kumuuliza muuguzi wa pale, binti mmoja anaitwa Dorcas. Akaniambia, "Mama, mashine ya kuisoma hatuna. Na hata tungekuwa nayo, nani angejua kwamba mzee ana kitu mwilini?" Wewe mwenyewe ulisema haionyeshi mtu alipo, inangoja tu isomwe. Halafu nikawaza, je, ikisomwa na mtu asiye na nia njema? Baba siku hizi anamfuata yeyote anayemwita kwa jina.

Dorcas akaniambia pia kwamba baba alikuwa akiing'oa dripu, anasema mdudu amemwingia mkononi.

Hata hivyo niliona mwili ni wake, aulizwe mwenyewe. Asubuhi moja akili yake ilikuwa safi, anataja majina ya ndugu zake wote. Nikamwambia, "Baba, Venant anataka uwekewe kitu kidogo mkononi, ukipotea watu wajue jina lako."

Akafikiri sana. "Waweke," akasema. "Sitaki kuzikwa na watu wasionijua."

Nikaingia jikoni nikalia. Nilipotoka na chai yake nikamuuliza tena, nipate uhakika. Akaukumbatia mkono kifuani. "Nani anataka kunichoma? Nimemkosea nini?"

Hapo nikaamua. Nisingeweza kumwekea kitu ambacho kila siku angekigusa upya na kuogopa, akikikwangua mpaka atoke damu, na mimi nisiwe na la kumwambia. Utanisamehe, mdogo wangu, chipu hapana. Nimemnunulia bangili ya chuma yenye jina na namba, ameipenda, anadhani ni saa. Na kila jioni natembea naye hadi kwenye kijiwe cha bodaboda na maduka ya jirani, wamzoee. Sasa wanamwita fundi.

Kuna jambo moja sikukuambia. Pale wodini nilipomwita "Baba," alinitazama kwa adabu, akasema, "Shikamoo, mama." Nikashindwa kuitikia. Dorcas akaniuliza kama kweli mimi ni mwanawe, nikatoa picha za kwenye simu nimwonyeshe. Hiyo chipu ingewaambia wao yeye ni nani. Mimi ni nani kwake, hakuna cha kumwambia.

Tangu mama afariki, hapa nyumbani tuko wawili, lakini siku nyingi nakula peke yangu naye akiwa mezani. Sikuandikii ili uumie. Nimekosa tu wa kumwambia.

Jitahidi uje Desemba. Akikutazama kama mgeni, usimuulize kama anakujua, inamtesa. Kaa karibu naye, mwambie jina lako. Akisahau, mwambie tena.

Nisalimie sana wifi Rebeka. Ngosha na Princess waambie shangazi anawawaza. Jonathan mtoto wa baba mdogo anakusalimu. Mungu akulinde huko uliko, akurudishe ukiwa mzima, na akutunzie baba mpaka ufike.

Wako akupendaye, hata simu ikikatika,
Dada yako,
Teodora Luhaga