Taa Kwenye Mshale wa Mama

Viroqua, Oktoba 4

Mwanangu Duane,

Hujambo? Wajukuu wazima? Mimi mzima, bega tu linasumbua asubuhi. Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu unanikatiza.

Upinde unaotaka niuze, siuzi. Mwaka jana nilimpiga kulungu jua likizama, nisione mshale umeingia wapi. Nikamfuata upesi, akakimbia na kidonda chake, nikampoteza. Sitaki tena. Sasa nimenunua vile vipande vya nyuma ya mshale, vinavyoshika ugwe wa upinde, vyenye taa ndani. Ukiachia tu, vinawaka. Baba yako mdogo Verlyn anasema mwindaji anayehitaji taa akae nyumbani afume soksi. Nimemwambia aanze yeye, miguu yake ndiyo yenye baridi.

Mama yako

Milwaukee, Oktoba 11

Shikamoo Mama,

Sisi wazima, watoto wanakusalimu. Mama, taa haitakuinua ukianguka kutoka mtini unakopanda kuwinda. Una miaka sabini na mmoja. Chumba chako hapa tumeshapaka rangi. Nimemwomba baba mdogo akifungue kile kiti chako cha mtini kabla hujavunjika. Usinikasirikie.

Mwanao, Duane

Milwaukee, Oktoba 27

Shikamoo Mama,

U mzima? Hujibu barua, hupokei simu. Baba mdogo naye ananiambia nikuulize mwenyewe. Andika hata mstari mmoja.

Mwanao

Viroqua, Novemba 3

Duane,

Salamu kwenu nyote. Mimi mzima, isipokuwa kifundo cha mguu.

Verlyn alikuja na spana. Nikamkuta chini ya mti, nikamwambia, "Fungua. Ukimaliza nitawinda nikiwa nimesimama kwenye bustani yako ya maua." Akairudisha spana mfukoni, akabaki nami.

Jioni ile kulungu dume akapita. Nikaachia. Nikaiona ile nukta nyekundu ya taa ikienda, ikamwingia nyuma mno, tumboni. Nilikosea, sifichi. Lakini safari hii nilijua nimekosea wapi. Verlyn akataka tumfuate papo hapo. Nikakataa, aliyepigwa tumboni ukimkimbiza unampoteza, ukimwacha analala akafa. Tukamwacha hadi asubuhi. Usiku kuliganda barafu, nyama haikuharibika. Tulimkuta karibu na kijito, amejikunja. Verlyn alivua kofia, akanisaidia kumburuta, wala hakutaja soksi.

Sasa mguu. Ndiyo, nilianguka, wiki iliyofuata, kwenye ngazi ya baraza langu, nikiwapelekea kuku chakula. Mtini sijawahi kuanguka. Mbona hujaniambia niuze baraza?

Mama yako

Milwaukee, Novemba 8

Shikamoo Mama,

Pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti, na mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Nakuja Jumamosi na watoto. Nitakarabati ngazi. Kuhusu chumba, tutazungumza.

Mwanao, Duane

Viroqua, Novemba 12

Duane,

Njooni, nyama ipo. Ngazi karabati, asante. Chumba wapeni watoto wachezee, hatutazungumza.

Mama yako