Alidhani Anasalimiwa

Alhamisi usiku

Kosa ni lake, kamera haidanganyi. Alikuwa mbio sana. Basi mbona chakula kimenishinda?

Ni yule Mtanzania wa lori la machungwa niliyemshika asubuhi barabara ya Garissa, ukitoka tu Thika. Hapo sisi trafiki siku hizi hatushiki wenyeji. Wakishatupita wanawaonya wanaokuja kwa kuwawashia taa, na kila mtu anatufikia kwa mwendo wa harusi.

"Hukuona wenzako wakikuwashia taa?" nikamuuliza.

"Niliziona, afande. Nilidhani wananisalimia. Nami nikawarudishia salamu."

Mwenzangu alicheka mpaka kofia ikaanguka. Nilicheka pia. Yule mtu akatabasamu, akidhani tukicheka mambo yameisha.

Mkenya ningempa bondi alale kwake, kesho aje kortini. Mgeni tunamzuilia yeye na gari, maana akishavuka mpaka humpati tena. Kwa hivyo yuko seli, na machungwa yameshinda juani pale kituoni. Najua ndivyo tunavyofanya. Lakini...

Jioni nilivua sare, nikachukua gari langu nikaenda kumpelekea mama dawa Ngoliba. Wenzangu wa zamu ya jioni walikuwa pale pale na kamera. Nikawapita. Mbele kidogo pikapu ikaja mbio.

Nikaiwashia taa. Sikufikiria hata kidogo.

Dereva akapunguza mwendo, akaniinulia mkono. Nami nikamwinulia wangu, huu huu niliofungia seli asubuhi.